Sahani ya dagaa haitoshi: paka wa mtaani anahitaji na daktari

Fika Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza, utawakuta paka wameshatangulia. Wamejipanga chini ya meza za wanaopara samaki, wakisubiri utumbo, mapezi na vichwa vya vibua. Hali ni hiyohiyo Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mji wa Kale wa Mombasa na katika vichochoro vya Lamu, ambako paka wembamba wa miguu mirefu hulala barazani pamoja na wazee wanaopunga upepo. Mama lishe ana paka wake wa jikoni, na msikiti una paka wake wa ukumbini. Hakuna aliyewanunua, na ni wachache wanaoweza kusema, "Huyu ni wangu."

Watu wetu hawana choyo na wanyama hawa. Ukoko wa wali uliochanganywa na mchuzi wa samaki huwekwa kando ya mlango jioni, na mwenye dagaa hubakiza kidogo. Sina neno dhidi ya huruma hiyo. Nimelelewa ndani yake. Lakini lipo jambo ambalo halisemwi vya kutosha: huruma inayoishia kwenye sahani mara nyingi huongeza mateso badala ya kuyapunguza. Paka anayelishwa bila kutibiwa, bila kuchanjwa na bila kuhasiwa hupata nguvu ya kuzaa, kisha huzaa watoto ambao wengi wao hufa kwa njaa, kwa magonjwa au chini ya magurudumu ya bodaboda. Anayetaka kumsaidia kwelikweli hana budi kumfikisha kwa daktari.

Kizazi kisichopata likizo

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu, yaani naye bado mtoto. Mimba yake huchukua takriban siku 63 hadi 65. Huzaa watoto watatu, wanne, hata watano au zaidi, na anaweza kubeba mimba nyingine kabla hajamaliza kuwanyonyesha alionao.

Ulaya uzazi huo hupungua majira ya baridi, kwa sababu mwili wa paka jike hufuata urefu wa mchana. Mchana ukiwa mfupi, kizazi hupumzika. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana wa Januari na wa Julai haupishani sana, hivyo paka wetu wanaweza kuzaa mwaka mzima. Ndiyo sababu maboksi yenye watoto wa paka hutupwa karibu na masoko wakati wowote wa mwaka, masika na kiangazi.

Madume nao wana mateso yao. Usiku hupigana wakigombea majike, na jeraha la jino la paka ni dogo juu lakini lina kina kirefu. Ngozi hujifunga haraka, usaha ukabaki ndani na kuwa jipu. Katika kung'atana huko ndiko hupitia virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, virusi ambavyo havimwambukizi binadamu lakini humfanya paka augue kila mara. Kelele za juu ya paa zinazotukosesha usingizi ni dalili ya yote haya.

Uliza kwanza ni wa nani

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Mitaani kwetu paka mmoja huweza kuwa wa nyumba tatu, kila moja ikimwita kwa jina lake, na hakuna inayojua kama nyingine imempeleka kwa daktari. Kwa hiyo kabla ya kumchukua, uliza majirani.

Paka niliyemchukua mimi alikuwa akiishi nyuma ya banda la mama lishe. Alikuwa jike mwenye mabaka ya rangi tatu, mbavu zikihesabika, jicho moja limegandamana kwa tongotongo. Nilipouliza, mama aliacha kusonga ugali akaniangalia. "Huyu hana mwenyewe, mwanangu," akasema, "ila panya wa mchele wangu yeye ndiye anayewajua. Ukimtibu, nirudishie." Ombi lile lilikuwa na busara kubwa. Paka wa mtaani anaweza kuwa na mahali pake na kazi yake, na kumtibu si lazima kuwe kumhamisha. Wengine, hasa watoto na wale waliozoea kubebwa, watafurahia nyumba. Wengine waliokulia nje watateseka wakifungiwa. Uamuzi huo ufuate tabia ya paka mwenyewe.

Ukikuta watoto wa paka peke yao, usikimbilie kuwabeba. Huenda mama yao amekwenda kutafuta chakula. Kaa mbali, tazama kwa saa kadhaa. Kama hawako njiani mwa magari, mbwa au mvua, maziwa ya mama yao ni bora kuliko chochote utakachowapa, mpaka watimize wiki nane hivi.

Siku za mwanzo ndani ya nyumba

Paka hakamatwi kwa kiroba. Humo hukosa hewa, huingiwa na hofu, na hapo ndipo hung'ata. Mzoeze kula ndani ya kreti ya plastiki au kikapu chenye mfuniko, kisha siku moja mfungie humo akiwa anakula. Akiwa mkali, tumia shuka nene, na usimshike kwa mikono mitupu.

Nyumbani mtengee chumba kidogo, stoo au bafu, kwa muda wa wiki mbili hivi, mbali na paka wengine. Mpe boksi la kujifichia, maji, chakula, na beseni la mchanga la kujisaidia. Usimwogeshe siku ya kwanza. Maji ya baridi na woga ni mzigo mzito kwa mnyama mgonjwa. Watoto wa nyumba wamwangalie kwa mbali.

Yapo mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema nayo huua. Panadoli ni la kwanza. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama la binadamu, na kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Dawa ya viroboto ya mbwa ni la pili: nyingi zina pamethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini paka hutetemeka, hupata degedege na kufa. Hali kadhalika dawa za kuogeshea ng'ombe. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka mnyama mwenye ukurutu, paka huilamba yote, maana paka hujisafisha kwa ulimi. Maziwa ya ng'ombe hayamwui paka mkubwa, lakini wengi huwaendesha. Maji safi na samaki aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu na bila miiba vinamtosha mpaka amwone daktari.

Kumpata daktari wa kweli

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Madaktari wetu wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa kuwa huko ndiko riziki ya wananchi iliko. Hata hivyo wanaotibu paka wapo. Halmashauri zina maofisa mifugo, na hata kama ofisa wa kata hana vifaa, anajua aliyenavyo. Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi zina kliniki binafsi za wanyama wa nyumbani. Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa wanyama, na Kenya kazi hiyo hufanyika katika kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Nairobi pia kipo chama cha KSPCA, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikiokoa na kutibu wanyama.

Kuuza dawa za mifugo dukani hakumfanyi mtu kuwa daktari. Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeunda Baraza la Veterinari linalosajili madaktari na kuwatambua wasaidizi wao. Kenya, sheria ya mwaka 2011 inaipa Bodi ya Veterinari jukumu hilo. Una haki ya kuuliza kama anayetaka kumpasua paka wako amesajiliwa, na daktari wa kweli hachukii swali hilo.

Piga simu kabla ya kwenda. Uliza kama anatibu paka au ng'ombe tu, na kama ana mizani ya wanyama wadogo, kwa sababu dawa ya nusu kaputi hupimwa kwa uzito, na paka wa kilo mbili hawezi kukadiriwa kwa macho. Uliza bei yote kwa pamoja: uchunguzi, chanjo, upasuaji, dawa ya maumivu na siku ya kurudi. Bei inayotajwa nusunusu huwafanya watu waache matibabu katikati, na matibabu ya nusu huwa hasara kwa mwenye fedha na kwa paka.

Juu ya meza

Daktari mzuri huanza kwa macho. Hutazama paka anavyopumua na anavyosimama, kisha humpima uzito na joto la mwili, ambalo kwa paka mzima wa afya huwa nyuzi 38 hadi 39 na ushei za Selsiasi. Hufunua mdomo kuangalia fizi: za waridi ni dalili njema, nyeupe zinaashiria kupungukiwa damu, za njano zinaelekeza kwenye ini. Huivuta kidogo ngozi ya mgongoni; ikichelewa kurudi, maji yamepungua mwilini. Meno humpa makisio ya umri, kwani meno ya utotoni huanza kubadilishwa na ya ukubwani katika mwezi wa nne hivi. Masikio yenye uchafu mweusi mkavu huwa na utitiri.

Paka wa mama lishe alikuwa na mafua makali ya paka, ugonjwa wa virusi unaoziba pua na kuvimbisha macho, pamoja na minyoo na viroboto. Mambo haya huenda pamoja: kiroboto hubeba vijidudu vya minyoo tegu, paka hummeza anapojilamba, na minyoo humaliza chakula kile kile ambacho watu wema humpa. Ndiyo maana alikuwa akila kila siku na bado mbavu zilionekana. Alipewa dawa ya macho, dawa ya minyoo na dawa ya viroboto inayofaa paka, na upasuaji ukaahirishwa mpaka apate nguvu. Wiki zile za kungoja alikaa stoo kwangu, na nilijionea jinsi mnyama anavyobadilika maradhi yakimtoka: manyoya yalilainika, jicho likafunguka, akaanza kucheza na kifuniko cha chupa.

Kuna dalili mbili zisizongoja miadi. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu anaweza kuharibika ini, hata kama hakuwa mgonjwa sana mwanzoni. Na dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia imeziba. Huyo asipotibiwa haraka hufa.

Chanjo ya paka ni kinga ya nyumba nzima

Kichaa cha mbwa hakiwahusu mbwa pekee. Ni kweli kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa huambukizwa, na paka ndiye anayelala kitandani na watoto. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Chanjo hutolewa paka anapofikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha huendelea kwa ratiba ya daktari. Dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi huendesha kampeni za chanjo. Mpeleke paka wako huko.

Ukiumwa au ukikwaruzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake unga wala majani, wala usisubiri kuona kama paka ataugua.

Chanjo ya pili humkinga paka dhidi ya mafua yake na dhidi ya panlukopenia, virusi vinavyoharibu utumbo na kumaliza watoto wa paka kwa siku chache. Watoto huianza wakiwa na wiki sita hadi nane na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka wiki ya 16. Hakikisha kila sindano inaandikwa kwenye kadi.

Kina mama wajawazito huambiwa mara nyingi wamtupe paka. Hakuna haja. Vijidudu vya toksoplazima hutoka katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mwingine nyumbani asafishe beseni la mchanga kila siku, na mama aepuke nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, kwa kuwa huko nako ugonjwa hupitia. Mwenye pumu inayochochewa na paka, yeye ana sababu ya kweli ya kukaa mbali.

Kuhasi ni rehema

Upasuaji wenyewe ni wa kawaida kwa daktari aliyeuzoea. Paka mkubwa hanywi maziwa wala hali chakula kwa saa ambazo daktari atazitaja; mtoto hafungi muda mrefu, maana sukari yake hushuka upesi. Hupigwa nusu kaputi, jike akatolewa viungo vya uzazi kupitia kidonda kidogo, dume akatolewa korodani. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Huhitaji sehemu kavu na yenye joto, na asilambe nyuzi kwa siku kumi hadi 14. Dume naye atengwe na majike kwa wiki chache, kwani bado anaweza kutia mimba muda mfupi baada ya kuhasiwa. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, daktari anaweza kukata ncha ndogo ya sikio, alama inayotumika nchi nyingi kuonyesha kwamba paka huyu wa mtaani ameshahasiwa, asije akakamatwa na kupasuliwa tena bure.

Watu husema jike azae kwanza japo mara moja. Hakuna faida ya kiafya inayojulikana katika hilo. Kumhasi mapema humpunguzia uwezekano wa kansa ya matiti. Husema paka aliyehasiwa haui panya. Huwinda bado, kwa kuwa kuwinda hakutoki kwenye viungo vya uzazi. Anaweza kunenepa, na dawa yake ni kumpimia chakula.

Wapo wanaouliza kama jambo hili linaruhusiwa katika dini. Wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana: wapo waliolikataza, na wapo walioliruhusu palipo na manufaa au madhara ya kuzuiwa, na ni vema kila mtu amwulize sheikh wake. Mimi hukumbuka kisa tulichofundishwa chuoni tukiwa wadogo, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Nionavyo, ukishamtia mnyama mkononi mwako, riziki yake na afya yake vimekuwa swali utakaloulizwa wewe.

Mzigo wa wengi

Gharama ni kikwazo cha kweli. Kwa familia inayohesabu nauli ya daladala, kumpasua paka ni anasa. Lakini paka wa wengi anastahili mfuko wa wengi. Tunachangia harusi, misiba na ulinzi shirikishi. Nyumba tano zinazomlisha paka mmoja zinaweza kuchangia kuhasiwa kwake, na daktari akiletewa paka kadhaa kwa siku moja mara nyingi hukubali kupunguza bei. Paka wa mama lishe alirudi bandani kwake akiwa na ncha ya sikio iliyokatwa, na gharama ya chanjo ya kila mwaka tunaigawana mama na mimi. Yeye ana mchele usioguswa na panya, na nyuma ya banda lake hakuna tena boksi la watoto.

Serikali nazo zina sehemu yao. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumlinda mnyama na mateso kunaanza kabla hajazaliwa kwenye jalala. Halmashauri zinapotangaza siku ya chanjo, zitamke wazi kwamba paka nao waletwe, maana wengi husikia "kichaa cha mbwa" wakabaki nyumbani. Ziandae pia siku za kuhasi kwa bei nafuu katika miji ya pwani, zikishirikiana na vyuo, ili wanafunzi wapate ujuzi chini ya uangalizi wa wakufunzi wao.

Hata siku hizo zikiwepo, bado mtu atahitajika wa kumleta paka. Ofisa wa halmashauri hawezi kumkamata paka shume asiyemjua. Anayeweza ni yule anayeweka sahani mlangoni kila jioni: anajua sura yake, saa anayokuja, mahali anapolala, na paka hamkimbii. Kwa hiyo simu ya kwanza kwa daktari inamhusu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama unalisha, piga.